Pengo Karibu na Bawaba

Nilikinunua usiku, kwa simu, nimelala chali,
miguu imevimba kwa kusimama jikoni mwa shule
nikimenya viazi vya watoto mia mbili na arobaini.
Yuro kumi na moja, pamoja na usafirishaji.
Cha Elvino ni tisini na tano,
na anakiuza hapa hapa Maniago, nyumba ya nne kutoka kwangu,
kando ya mfereji uliokuwa ukizungusha nyundo za mababu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husemwa.
Hiki kilijitembeza: kilivuka bahari
ndani ya boksi jepesi kama ganda la yai,
kikabisha hodi.
Wala si kibaya. Hapo ndipo penye shida.
Kinakata. Kinakunjika. Kinakaa mkononi
kana kwamba kilinifahamu kabla.

Na kweli kilinifahamu, kwa sababu ya Ilde.
Mpini ule una tumbo upande mmoja
kwa kuwa kidole cha Ilde kilipindishwa na baridi yabisi,
na mumewe alikaa majira matatu ya theluji
akichonga mti wa mpea, anampa, "Shika,"
anamtazama usoni,
anautia jikoni, anachonga mwingine.
Mipini arobaini na mmoja ilichemsha supu yao
kabla Ilde hajasema, "Huu."

Waliokiiga hawakumjua Ilde.
Walilipima tumbo la mpini, milimita kwa milimita,
wakalimimina katika plastiki yenye rangi ya mbao.
Wakapima na pengo dogo karibu na bawaba,
pale tupa ilipomteleza Elvino
asubuhi aliyoletewa habari za kaka yake.
Hakulisawazisha. Kila kisu tangu hapo
hukitia pengo lile kwa makusudi.
Na changu kinalo.
Wameiga hata msiba, bila kuuliza ni wa nani.

Ukapita mwezi, makali yakafa.
Nikaenda kwake. Ningeenda kwa nani mwingine?
Nilikiviringisha katika kitambaa cha vyombo.
Akakifungua. Akapitisha kidole gumba penye pengo.
Jiwe likazunguka, maji yakadondoka,
nami nikahesabu vigae vya sakafu.
"Chuma si kibaya," alisema. "Yuro nne."
Bei ileile anayomtoza kila mtu.

Afadhali angenitukana.
Ningemtolea karatasi yangu ya mshahara.
Ningemwambia: na wewe, kile kifungo cha pete ulikitoa wapi,
si kwa mzee Tite, naye kwa wachungaji wa mlimani?
Ningemtajia msichana wa Yangjiang
nisiyemjua jina, anayekaza skrubu zamu nzima,
ambaye naye anakula kwa yuro zangu kumi na moja,
senti ngapi, sijui.
Hoja nilikuwa nazo, zimepangwa kama sahani.
Na jibu lake nalijua pia:
Tite alimwekea mkono juu ya mkono,
akamwonyesha, akamzomea, akamwonyesha tena.
Lakini hakuniuliza, nami sikusema,
nikalipa sarafu nne zenye unyevu wa kiganja.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kisu bado kiko mfukoni mwa aproni.
Nikikitupa, nani atarudishiwa nini?
Na viazi havingoji.
Ndani ya kopo la kahawa nilishaweka yuro thelathini na mbili,
halafu mjukuu akataka viatu.
Zimebaki saba.

Ninapomenya, gumba huteleza lenyewe
mpaka kwenye pengo, likasimama hapo,
kama mtu aliyekosea mlango
akajikuta katikati ya matanga,
na kiti ameshapewa.